Ratiba ya LSAT Kati ya Malori ya Malaba

Watu wakisikia nilifanya LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria za Marekani na Kanada, huku nikiwa kazini, swali la kwanza huwa moja: ulikuwa unasoma saa ngapi kwa siku? Jibu langu huwaudhi. Nawaambia inategemea siku hiyo foleni ya malori ilikuwa imefika wapi. Mimi ni mtu wa kliaringi, yaani wa kupitisha hati za mizigo forodhani, mpakani Malaba kati ya Kenya na Uganda, upande wa Uganda, na aliyewahi kufanya kazi hii anajua kwamba saa ya kufunga ofisi haiko ukutani. Iko kwa dereva aliyetoka Mombasa juzi, mwenye hati zilizopishana uzito kidogo, anayekupigia simu saa tatu usiku: "Dada, usiniache hapa, nina mzigo wa watu."

Kwa hiyo haya ni ya mtu mwenye kazi, mwenye jamaa, na mwenye umeme unaokuja na kuondoka. Aliyejaliwa miezi ya kukaa nyumbani akisoma kutwa anaweza kunisoma kwa udadisi tu.

Kwanza niondoe mkanganyiko ambao nimeukuta hata kwa watu waliosoma. Hapa Uganda anayetaka sheria huingia chuo baada ya Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, anasoma LLB, yaani digrii ya sheria, miaka minne, kisha anakwenda Law Development Centre kwa mafunzo ya uwakili. Makerere nao wana mtihani wao wa kuchuja waombaji wa sheria. LSAT ni habari nyingine. Ni mtihani wa shule za sheria za Marekani na Kanada, unaosimamiwa na shirika liitwalo LSAC. Huko Marekani shahada ya sheria, iitwayo JD, husomwa miaka mitatu, na husomwa juu ya digrii ya kwanza. Mimi digrii yangu ni ya sayansi ya jamii. Sheria ilinijia kazini, kwa kufungua kila mara Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, maana ndiyo tunayoshikiana nayo mashati pale mpakani. Nikajikuta nasoma hadi vifungu ambavyo havihusu mzigo wowote niliokuwa nao mezani. Hapo nikajua ninakokwenda.

Mtihani wenyewe, tangu Agosti 2024, una sehemu nne za dakika 35 kila moja. Mbili ni za hoja na moja ni ya ufahamu. Hizo ndizo zinazohesabiwa. Ya nne ni ya majaribio, haihesabiwi, ila hujui ni ipi, kwa hiyo zote unazifanya kwa moyo mmoja. Baada ya sehemu ya pili unapewa dakika 10 za kupumzika. Yale mafumbo ya kupanga nani akae kiti gani, yaliyokuwa yakiwatoa watu jasho zamani, yameondolewa. Ukirithi kitabu cha jamaa aliyefanya miaka ya nyuma, kurasa hizo zipite tu. Alama zinaanzia 120 na kuishia 180, na jibu baya halikupunguzii kitu, kwa hiyo kuacha swali wazi ni kutupa bahati yako.

Nayataja haya mapema kwa sababu ratiba nyingi nilizotumiwa na watu wema zilikuwa bado zina wiki nzima za mafumbo yale. Nyingine zilikuwa za mwanafunzi wa Marekani aliye likizoni: masaa manne asubuhi, mawili mchana, mazoezi ya mwili, chakula, kulala mapema. Nikiziangalia nilikuwa nacheka peke yangu ofisini.

Lakini kasoro kubwa ya ratiba hizo, na hata za kwetu, haikuwa saa. Sisi tumelelewa na UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Tumezoea mtihani wenye silabasi: unagawa sura kwa wiki, unamaliza Vita ya Pili ya Dunia Jumanne, unaingia Bismarck Alhamisi, na ukishapita sura unaweka tiki. LSAT haina sura. Hakuna tarehe ya kukariri, hakuna kesi ya kukumbuka, hata sheria yenyewe hawaiulizi. Wanapima unavyosoma na unavyopima hoja ya mtu mwingine. Sasa ratiba ya "Jumatatu mada hii, Jumanne mada ile" inakupa raha ya kuweka tiki huku makosa yako yale yale yanakungoja pale pale. Msimamo wangu, na nimeubishania sana na mwenzangu mmoja wa ofisini anayejiandaa sasa, ni kwamba ratiba ya wiki ijayo iandikwe na makosa ya wiki hii. Saa utazipata au hutazipata. Makosa yako unayo tayari.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kwenye ratiba yangu kilikuwa mtihani mzima, kabla ya kusoma lolote. LSAC wana jukwaa lao mtandaoni, LawHub, lenye mitihani halisi ya miaka iliyopita. Baadhi ni ya bure kwa yeyote anayefungua akaunti, na ukilipa ada ya mwaka unapata zaidi ya 50. Nilikaa nikaufanya mmoja kwa muda wake kamili, sikusimamisha hata simu ilipoita. Alama iliyotoka siitaji, haikuwa ya kusimulia. Faida yake ni kwamba nilipata ramani. Ufahamu nilikuwa mzima kiasi. Hoja ndizo zilizonichinja, na zaidi ni zile zinazouliza kasoro ya hoja iko wapi na zile zinazouliza mzungumzaji amejengea hoja yake juu ya dhana gani ambayo hakuisema.

Halafu nikatafuta nakokwenda. Shule za sheria za Marekani zilizoidhinishwa hulazimika kutangaza kila mwaka takwimu za wanafunzi waliowapokea: alama ya LSAT ya katikati, ya robo ya chini na ya robo ya juu. Ziko wazi kwenye tovuti zao. Nilichagua shule chache, nikaandika alama zao za katikati kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, nikatoa alama yangu. Umbali uliobaki ndio ulioniambia kama najiandaa kwa miezi mitatu au kwa nusu mwaka. Mtu anayepanga tarehe ya mtihani kabla ya kujua umbali huo anapanga harusi hajui mahari. Mtihani unatolewa mara kadhaa kwa mwaka, usijali, hautakukimbia. Ila huruhusiwi kuurudia bila mwisho: kuna kikomo cha mara 5 ndani ya kipindi ambacho alama zako zinaripotiwa kwa shule, na mara 7 kwa maisha yote. Nilichukua tarehe ya Juni, nikiwa nimeshaangalia kwamba Agosti ipo nyuma yake kama akiba kabla ya shule kuanza kupokea maombi karibu na Septemba.

Sasa saa. Niligawa siku yangu kwa namna ambayo haikuandikwa popote. Nilijiuliza ni wakati gani kichwa changu ni kizima na ni wakati gani kiko tu shingoni. Kichwa kizima kwangu ni alfajiri, kuanzia saa kumi na moja hadi karibu saa moja, kabla madereva hawajaamka na kuanza kuulizia namba zao. Kichwa kichovu ni jioni, na zile dakika za katikati ya mchana unapongoja afisa arudi kutoka chai. Kazi ngumu, yaani kufanya sehemu nzima ya dakika 35 kwa saa inayohesabu, niliiweka alfajiri peke yake. Jioni sikugusa swali jipya. Jioni ilikuwa ya kupitia daftari, kusoma maelezo ya swali nililokwisha kulifanya, au kusoma makala ndefu ya sayansi ili macho yazoee. Nilishajaribu kufanya hoja saa nne usiku baada ya kutwa ya kugombana na mizani. Unajikuta unasoma aya moja mara tatu, mwisho unajipa alama mbaya isiyo yako, halafu unalala na huzuni ya bure.

Nilihesabu wiki kwa vipande. Kipande kimoja ni sehemu moja ya dakika 35 pamoja na uchambuzi wake hadi mwisho, na uchambuzi huo ulikula muda mara mbili au tatu ya sehemu yenyewe. Wiki nzuri ilikuwa na vipande vitano au sita. Sikujali kimeanguka siku gani. Foleni ikiisha mapema Jumatano naweka viwili. Alhamisi malori yakirudi hadi kwenye vituo vya mafuta siweki kitu. Mwenye kazi kama yangu akiandika "Alhamisi saa kumi na mbili jioni: hoja" anajiandikia uongo.

Kuna sheria moja niliyojiwekea ambayo ndiyo iliyoniokoa: deni la wiki halivuki Jumapili. Katika mvua za Aprili mtandao ulilala siku kadhaa, malori yakajaa hadi hayana pa kugeuzia, tukawa tunalala ofisini kwa zamu. Wiki hiyo sikufanya kipande hata kimoja. Ratiba ya kawaida ingenidai vipande hivyo wiki iliyofuata, yaani vipya na vya zamani pamoja, na mtu akishadaiwa hivyo huanza kufanya maswali mbio mbio ili mradi yaishe, bila kuyachambua. Mimi niliifuta. Jumatatu nikaanza na idadi ile ile ya kawaida. Mwenzangu yule anasema huo ni uvivu uliopewa jina zuri. Labda. Yeye ana deni la vipande visivyohesabika na daftari lake ni jeupe.

Hilo daftari sasa. Kama ningeambiwa nibaki na kitu kimoja tu katika maandalizi yote, ningebaki nalo, mitihani yote ya LawHub waichukue.

Nilifanya hivi. Nikimaliza sehemu kwa muda wake, sifungui majibu. Nakunywa chai, narudi, nayapitia tena bila saa maswali yote niliyoyatilia shaka, nachagua jibu upya kwa utulivu. Hapo nina alama mbili: ya haraka na ya polepole. Ndipo nafungua majibu sahihi. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo iliyopanga wiki yangu. Swali nililolikosa kwa haraka nikalipata kwa polepole, tatizo ni mwendo: natakiwa kufanya mengi ya aina hiyo kwa saa inayohesabu. Swali nililolikosa mara zote mbili, tatizo ni uelewa: hapo saa haina kazi, nafanya ya aina hiyo taratibu, hata matatu tu kwa asubuhi nzima. Watu wengi huongeza mbio mahali ambapo hawaelewi, na huongeza maelezo mahali ambapo wamechelewa tu.

Halafu kila swali lililonitoa naliandikia mistari michache. Aina ya swali. Kilichonivuta kwenye jibu baya. Kinacholifanya jibu sahihi kuwa sahihi. Mstari wa katikati ndio mgumu, kwa sababu mtu hupenda kuandika "sikuwa makini," na hilo halisaidii kitu. Lazima uandike ukweli wenyewe. Nikifungua kurasa za mwanzo naona sentensi moja inarudi karibu kila ukurasa: "Nilichagua C kwa sababu ni kweli duniani, ila haimo katika hoja." Huo ulikuwa ugonjwa wangu, na nadhani ni ugonjwa wa wengi tuliosoma General Paper, lile somo la insha la sekondari. Pale ulisifiwa kwa kuleta mambo kutoka nje: ukiulizwa juu ya ukataji miti, unaleta msitu wa Mabira, unaleta mafuriko, unaleta na methali. LSAT inakuadhibu kwa hilo hilo. Swali likisema nyani wote wa kisiwa fulani wanaogelea, basi kwa dakika moja na sekunde chache wanaogelea, na wewe uliyekulia karibu na msitu usilete habari zako.

Daftari ndilo pia lililonifundisha kuhamisha hoja mpakani. Niligundua kwamba hoja ikihusu michoro ya karne ya kumi na tano au vipepeo wa Amerika ya Kusini, akili inashughulika na vipepeo, kasoro inapita chini ya meza. Basi kila hoja iliyonishinda niliiandika upya kwa malori. Kwa mfano hii: kila lori lililowekwa yadi lina kasoro ya hati, lori hili lina kasoro ya hati, kwa hiyo lori hili litakuwa yadi. Hata utingo wa kwanza kazini atakwambia siyo, kuna malori chungu nzima yenye kasoro ya hati ambayo bado yako barabarani yanajongea. Kinachotoka kihalali ni kinyume chake tu: lori lisilo na kasoro ya hati haliko yadi. Kosa hilo hilo likivaa Kiingereza cha maprofesa nilikuwa nalimeza bila kutafuna.

Au hii ya sababu na matokeo: miezi ambayo foleni ni ndefu, vibanda vya rolexi (chapati ya mayai) na chai huongezeka kando ya barabara, kwa hiyo vibanda ndivyo vinavyochelewesha malori. Unacheka. Lakini maswali mengi ya kudhoofisha hoja yamejengwa juu ya hilo hilo. Mambo mawili yametokea pamoja, mtu akadai moja limezaa jingine. Jibu linalodhoofisha ama litasema mshale unaelekea upande wa pili, ama kuna jambo la tatu lililoyazaa yote mawili, ama kuna mahali moja lilitokea bila la pili. Nilipokwisha kuyaona hayo matatu kwa vibanda vya chai, niliyaona popote. Wiki mbili hivi ratiba yangu haikuwa na kitu kingine ila maswali ya kudhoofisha na kuimarisha, kwa sababu ndivyo daftari lilivyosema.

Ufahamu sikuupa nafasi kubwa, na sijutii. Sehemu hiyo ina vifungu vinne, kimoja kikiwa ni jozi ya vifungu vifupi vya kulinganisha, na maswali kama 27 kwa dakika 35. Ukigawa unapata chini kidogo ya dakika tisa kwa kifungu pamoja na maswali yake. Wanazunguka sheria, sanaa, sayansi ya jamii na sayansi ya asili. Nilichofanya ni kusoma kwa kuuliza tu mwandishi anasimama wapi na kwa nini aya hii ipo, nikaacha kuhangaika na majina ya kemikali. Kifungu cha sayansi nilikifanya mwisho siku zote. Mwingine atafanya kinyume, sawa.

Kwenye hoja pia kulikuwa na suala la mwendo: maswali kama 25 kwa dakika 35, yaani chini ya dakika moja na nusu kwa kila moja, na ya mwisho ndiyo magumu zaidi kwa kawaida. Nilijifunza kuliacha swali. Ukisoma mara mbili halijafunguka, weka jibu lolote, liwekee alama, nenda. Ni rahisi kusema. Mtu uliyezoea kutoondoka dirishani mpaka hati ipigwe muhuri, kuondoka na kitu hakijaisha ni adhabu, na hilo nalo ilibidi niliwekee vipande vyake vya mazoezi.

Ramadhani ilinikuta katikati ya maandalizi. Nilidhani itanivuruga, ikawa imenipangia vizuri kuliko mimi mwenyewe. Ukishakula daku na kuswali Alfajiri hulali tena, tumbo limetulia, nyumba nzima kimya. Kipande changu kilikaa hapo. Jioni niliiacha kabisa, kwa sababu kati ya futari na tarawehe mtu hana kichwa cha nyani wa kisiwani. Vipande vilipungua kwa wiki, uchambuzi haukupungua.

Mitihani mizima niliianza baadaye, na niliifanya kwa uchoyo. Mwanzoni mmoja kila baada ya wiki mbili, na mwezi wa mwisho mmoja kwa wiki. Nawajua watu wanaofanya mitatu au minne kwa wiki na kuhesabu hiyo kuwa bidii. Mtihani usiochambuliwa ni karatasi umeichoma, na karatasi halisi zina mwisho wake. Nilipofanya, nilifanya jioni. Hapa nafuta niliyoyasema kuhusu alfajiri, kwa sababu moja: nafasi yangu ya mtihani wenyewe, uliofanyika mtandaoni, iliangukia jioni. Sisi tuko mbele ya New York kwa saa saba wakati wa kiangazi chao, kwa hiyo mchana wao ni usiku wetu unaoingia. Kichwa kilichozoea kufanya hoja saa kumi na moja alfajiri kitakushangaa ukikiamsha saa moja usiku. Mwezi wote wa mwisho nilibadilisha: nilipumzika mchana Jumamosi, nikala mapema, nikakaa mezani saa ile ile.

Mahali pa kukaa ndipo palipokuwa na kazi. Kwa kufanya mtandaoni ulitakiwa uwe chumbani peke yako, meza tupu, uzungushe kamera kuonyesha kuta na chini ya meza, simu iwe mbali, na msimamizi anakuangalia mwanzo hadi mwisho. Chumba changu Malaba kiko juu ya duka la mtu anayeuza spika, na anaziuza kwa kuzipiga. Nikaenda kwa shangazi Tororo. Shangazi alielewa kila kitu isipokuwa kwamba hatakiwi kuingia. "Hata nikuletee chai tu?" Nikamwambia, "Shangazi, hata chai. Ukifungua mlango, wale wanaweza kunifutia mtihani." Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi hao Wamarekani hawana adabu." Jumamosi ya kwanza ya mazoezi alibisha hodi. Ya pili alimtuma mtoto. Ya tatu alikaa mwenyewe kwenye kiti barazani akiwafukuza watu. Nampa sifa zake, na ndiyo maana nasema wa nyumbani nao waingizwe kwenye ratiba, wasiambiwe siku ya mtihani.

Umeme na mtandao navyo vina nafasi yao. LawHub haifanyi kazi bila intaneti, kwa hiyo bando la mwezi lilikuwa sehemu ya bajeti kama nauli, na ada ya mtihani peke yake ni zaidi ya dola 200, anza kuweka mapema. Umeme ukikatika asubuhi ya kipande, kazi ilihamia kwenye daftari, ambalo halihitaji chaji. Kwa siku yenyewe nilikuwa na betri ya akiba ya laptopu na ya kifaa cha mtandao. Mvua ilinyesha, taa zikazimika kidogo wakati wa mapumziko, zikarudi. Sikumwambia mtu.

Kuna na insha ya hoja, inayofanywa kivyake siku nyingine: dakika 15 za kupanga na 35 za kuandika. Haipewi alama, lakini shule zinaisoma, na bila hiyo alama zako zinaweza kuchelewa kutoka. Niliipa jioni chache, hapo General Paper ikanilipa fadhila.

Wiki ya mwisho sikufanya mtihani mzima wowote. Nilisoma daftari kuanzia mbele hadi nyuma, na nikaomba ruhusa kazini siku mbili, jambo ambalo bosi alilikubali kwa sharti nimalizie kwanza mzigo wa chuma uliokuwa umekwama. Alama zilitoka kama wiki tatu baadaye. Zilinipitisha juu ya alama za katikati za shule mbili nilizoziandika ukurasa wa kwanza, na zikaniacha chini ya moja. Niliitazama ile moja jioni nzima, nikatathmini kama Agosti inafaa. Nikafungua daftari: makosa yaliyobaki yalikuwa ya mwendo, hayakuwa ya uelewa, na msimu wa mizigo mikubwa ulikuwa unaingia. Nikaamua nilizonazo zinatosha, muda ule niupe barua za maombi.

Kwa wanaopanga sasa, jambo moja limebadilika. LSAC wametangaza kwamba kuanzia Agosti 2026 karibu kila mtu atafanyia mtihani kituoni, na kufanyia nyumbani kutabaki kwa wachache wenye sababu maalumu. Habari za shangazi barazani hazitawafaa sana. Mwenzangu nilimwambia aanze kwa kuangalia kituo kilicho karibu naye na saa yake ya mtihani, ahesabu siku ya kusafiri na usiku wa kulala huko, kisha angalau mitihani yake miwili ya mwisho ya mazoezi asiifanyie chumbani kwake. Aifanyie maktaba au ofisi ya mtu, penye viti vigeni na watu wanaokohoa. Ameniambia atafanya hivyo akishamaliza deni lake la vipande.